Mitungi Sita ya Al Thumama

Kitu cha kwanza alichofanya Nasimiyu alipoingia Ukumbi wa Dana ni kufukuza watu. Walikuwa tisa humo ndani: wahudumu, fundi wa taa, mpiga picha wa hoteli, na wengine ambao hata wenyewe hawakujua walifuata nini. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake ya wizi ule, na kila mmoja alikuwa anakanyaga zulia.

"Nje," alisema. "Mwenye maoni ayaandike, aniletee ofisini. Nje, nje. Philipo, na hicho kikombe cha chai nacho nje."

"Afande, mimi si msaidizi wako?"

"Basi nisaidie kwa kusimama mlangoni. Chai unywe huko huko."

Nasimiyu alikuwa amefanya upelelezi katika polisi ya Kenya miaka kumi na minne, Bungoma na Webuye, kabla hajaja Doha kuwa msimamizi wa usalama wa Hoteli ya Lulua. Sasa alivaa koti la hoteli lenye vifungo vya dhahabu ya uongo, lakini Philipo, mlinzi kutoka Mbeya aliyefanya naye kazi mwaka wa tatu sasa, hakuwahi kumwita jina jingine ila Afande. Hata siku za mapumziko, hata sokoni.

Ukumbini walibaki watu wawili. Mmoja alikuwa Bwana Henry, meneja wa zamu, Mganda mrefu mwenye tai iliyonyooka kuliko maneno yake. Wa pili alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono mipana, aliyekaa kitini ametulia utadhani aliyeibiwa ni mtu mwingine. Huyo ndiye Bi Emily, mfinyanzi wa Kihopi kutoka Arizona, Amerika, aliyealikwa na hoteli kuonyesha vyungu vyake kwa wiki mbili, Februari hiyo ya 2015.

"Kesi imekwisha," Henry alianza. "Ukumbi una funguo moja. Kitabu cha funguo kinaonyesha mtu mmoja tu aliyeichukua: Latifa, msafishaji, saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Saa kumi na mbili Bi Emily akaja, chungu hakipo. Nimemweka Latifa ofisini kwangu. Saa nane mchana namkabidhi kwa polisi, na kibali chake cha kazi kinafutwa leo leo."

"Umeshahukumu, halafu unaniita mpelelezi wa nini?"

"Nataka ripoti."

"Ripoti ni kama mandazi, Bwana Henry. Ukiitoa mapema, katikati inakuwa unga."

Henry alitazama saa yake. Ilikuwa saa tatu na nusu. Latifa alikuwa Mzanzibari wa Makunduchi, na alikuwa na miezi sita tu Doha. Alisubiri nafasi ile miaka miwili, na nyumbani alimwacha binti wa miaka mitano kwa bibi yake. Nasimiyu aliyajua hayo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuyajua. Akayaweka kando, akainama mezani.

Meza ilikuwa ndefu, na juu yake Bi Emily alikuwa ametandaza mchanga laini kama kitanda. Vyungu saba vilikuwa vimekaa juu ya mchanga huo, vya rangi ya njano ya asali, vimepigwa mabaka ya machungwa kana kwamba vimeona haya, na kuchorwa mabawa ya ndege kwa wino mweusi. Mahali pa cha nane palikuwa na alama tu.

"Mama, hiki kilikuwaje?" Nasimiyu aliuliza kwa Kiingereza, lugha ambayo wote wawili waliielewa.

"Kikubwa kuliko hivi. Tumbo pana, mdomo mdogo. Mama yangu alikifinyanga, mimi nikakichora, kwa sababu macho yake hayakuona tena mstari. Ndicho cha mwisho tulichofanya pamoja. Vingine vinauzwa. Hicho hakiuzwi."

"Kilikaa hivi vilivyokaa vingine?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nimekiinua kile cha pembeni, kimeacha duara lililojaa, la tako. Hapa kuna pete nyembamba tu, katikati mchanga haujaguswa. Hiyo ni alama ya mdomo."

Bi Emily alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Una macho. Nilikifudikiza jana jioni. Wageni walitaka kuona alama zetu, yangu na ya mama. Zipo chini, kwenye tako. Nikakiacha hivyo hivyo."

Nasimiyu aliandika: *kilifudikizwa*. Hakujua bado neno hilo lina kazi gani, ila alilipigia mstari.

"Na kamera ya ukumbini inasemaje?" alimuuliza Henry.

Henry alikohoa. "Kamera ya ukumbini... imezibwa na lile bango la maonyesho."

"Nani aliamuru bango lipachikwe pale?"

"Tuendelee," alisema Henry.

Hawakuendelea mbali. Philipo alichungulia mlangoni, simu ya upepo mkononi. "Afande, wa lango la mizigo wanasema wamepata vigae kwenye pipa la taka. Vya udongo."

"Nilisema mimi!" Henry akapiga kiganja. "Amekivunja, akakificha!"

Walishuka wote wanne. Kwenye lango la mizigo, mlinzi aitwaye Onyango alikuwa amevitandaza vigae juu ya gazeti kwa heshima zote, kama mtu anayepanga dagaa. Bi Emily alichuchumaa, akaokota kipande kimoja, akakigeuza, akapitisha kidole gumba upande wa ndani. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika goti.

"Samahani," alisema akifuta macho. "Mama yangu angenichapa mtu akidhani hiki ni chetu. Shika. Pitisha kidole ndani. Unasikia nini?"

Nasimiyu alipitisha. "Mistari. Inazunguka."

"Hiyo ni gurudumu. Huyu alikaa na gurudumu linazunguka, akavuta udongo juu. Sisi hatuna gurudumu. Tunasokota udongo kwa viganja, uwe kama kamba, tunaizungusha juu ya nyingine, kisha tunasawazisha kwa kigae cha kibuyu mpaka hakuna mstari hata mmoja. Halafu tunasugua kwa jiwe la mtoni. Jiwe langu alilitumia nyanya yangu. Na tazama pale kilipovunjika: chekundu na kinene. Udongo wa kwetu ni wa kijivu, ukipikwa unakuwa wa njano."

Nasimiyu aliugonga ukingo wa kigae kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Kumbe na nyinyi mnagonga?" Bi Emily aliuliza.

"Soko la Chwele, mama, hakuna anayenunua chungu bila kukigonga. Kikilia vizuri unalipa. Kikikohoa unamrudishia mwenyewe."

"Nasi vivyo hivyo," alisema Bi Emily. Wakatazamana kama watu waliogundua kwamba shangazi zao walisoma darasa moja.

"Basi hivi ni vya nani?" Henry aliuliza, furaha yote imemwishia.

Onyango alijibu. "Nadhani ni vya mitungi ya harusi, bosi. Ile iliyowekwa stoo, jirani na Ukumbi wa Dana. Lakini mbona mitungi ilitoka yote? Niliihesabu mwenyewe." Alifungua daftari lake la lango. Nasimiyu akasoma kwa sauti: "Mitungi, majlis ya hina ya wanawake, Al Thumama. Imeingia sita, jana jioni, dereva Joram. Imetoka sita, leo saa kumi na moja na nusu alfajiri, imechukuliwa na Bi Rukia."

Bi Rukia alikuwa mhudumu wa majlis, vikao vya sherehe ambavyo hoteli ilivihudumia mitaani kama Al Thumama, mama mtu mzima wa Unguja aliyefanya kazi pale kabla hata hoteli haijawekewa lifti ya pili.

"Sita na sita," alisema Henry. "Hesabu imekaa sawa."

"Imekaa sawa mno," alisema Nasimiyu, "kwa mahali penye mtungi mmoja uliovunjika. Onyango, kamera yako hapa inaona?"

"Yangu inaona, madam. Mimi sijapewa bango."

Philipo aligeukia ukutani ili Henry asimwone akicheka.

Kamera ya lango ilionyesha mambo mawili. Saa kumi na moja na nusu lilipita gari la majlis, Bi Rukia kiti cha mbele, mitungi imefunikwa shuka nyuma. Robo saa baadaye, Joram, dereva Mkenya wa magari ya wageni mashuhuri, alitoka na lile gari jeupe lenye viti vya ngozi. Kabla ya kutoka alifungua buti, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingiza kitu kilichofunikwa blanketi. Akaingiza na cha pili. Kisha akapuliza manukato ndani ya buti, mara tatu.

"Mtu wetu huyo," alinong'ona Philipo.

Walimkuta gereji, anaosha gari ambalo lilikuwa safi tayari. Nasimiyu hakumsalimia. Alifungua buti, akainamisha kichwa, akakitoa haraka.

"Joram, ulienda wapi saa kumi na mbili kasoro?"

"Lusail, madam. Kazi tu."

"Mgeni gani?"

"Mgeni... alikuwa ni mzigo."

"Mzigo gani unaopuliziwa manukato?"

Joram alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa kukaa. "Madam, si unajua vile mambo huwa. Nikisema, Bwana Henry atanimaliza."

"Usiposema nakumaliza mimi, na mimi sina tai ya kunizuia."

Philipo naye alikuwa ameingiza pua kwenye buti. "Afande," alisema taratibu, "gari hili linanuka zizi."

Joram aliketi juu ya ndoo. "Ni samadi," alisema. "Samadi ya kondoo. Kavu. Magunia mawili."

Viti vya ngozi vya gari lile vilikuwa vimebeba mabalozi.

"Nilitumwa na yule mama wa vyungu! Jumamosi anachoma vyungu mbele ya watu kule Lusail, na ati huchoma kwa samadi ya kondoo, si kwa kuni. Aliomba hoteli, Bwana Henry akasema uchafu huo hauingii kwa gari la hoteli. Mama wa watu akanyamaza, akawa mnyonge. Si nikaenda soko la mifugo Abu Hamour nikamletea? Kuna ubaya gani?"

Nasimiyu alitoka nje ya gereji, ambako Bi Emily alikuwa amesimama na Henry. "Mama, ulimtuma Joram samadi?"

Bi Emily aliinua mikono yote miwili kama mtu aliyefumaniwa jikoni. "Ni yangu. Ilikuwa nzuri? Ilikuwa imekauka vizuri?"

Henry alifumba macho. Nasimiyu akarudi ndani kabla hajayafumbua.

"Haya. Magunia yalilala wapi usiku?"

"Kwa stoo, na ile mitungi. Nilileta vyote safari moja."

"Na mtungi uliovunjika?"

Joram aliangalia viatu vyake. "Gunia liliuangukia jana jioni. Nikatupa vigae kwa pipa. Nilidhani leo nitapitia soko ninunue mwingine, kabla ya mtu kujua. Nilipofika asubuhi, nikakuta Bi Rukia ashaenda na mitungi. Na hakulalamika. Nikasema Mungu ni mkubwa."

Nasimiyu alimgeukia Philipo. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kuhesabu. "Ilikuja mitungi sita. Mmoja ukavunjika. Ikabaki mingapi?"

"Mitano."

"Na langoni ilitoka mingapi?"

Philipo alikunja vidole kimoja kimoja mpaka sita. "Mama yangu weee!"

Henry aliyesikia yote mlangoni hakukubali upesi. "Hata kama ni hivyo, ukumbi ulikuwa umefungwa. Bi Rukia hana funguo. Latifa ndiye aliyempa. Wote Wazanzibari, wamepanga."

"Ndiyo maana naenda kumuuliza Latifa," alisema Nasimiyu, "jambo ambalo nadhani hakuna aliyelifanya. Mmekuwa mkimwambia tu."

Latifa alikuwa ofisini kwa Henry, kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani. Alikuwa amelia hadi amechoka kulia. Nasimiyu alimwomba Philipo amletee chai, akavuta kiti akakaa naye upande mmoja wa meza.

"Latifa, sikuulizi kama umeiba. Nakuuliza mlango."

Latifa alivuta ukingo wa mtandio wake.

"Ulifungua saa kumi na dakika arobaini. Kufyonza vumbi ukumbi ule ni nusu saa. Uliacha mlango wazi, ukaenda mahali. Wapi?"

"Dada Nasimiyu, nikisema nafukuzwa."

"Usiposema unafukuzwa na polisi juu."

Msichana alivuta pumzi. "Adhana ilinikuta ndani, dada. Zamu yangu huanza kabla ya alfajiri na haina nafasi. Kila siku sala inanipita, naja kuilipa baadaye. Leo nikasema, mie nimekuja nchi ya misikiti nije niwe mtu wa kulipa sala? Nikauegesha mlango kwa kitoroli, nikaenda chumba cha wafanyakazi. Dakika kumi, haizidi kumi na moja. Niliporudi sikutazama meza, nilitazama zulia. Wallahi, mlango niliuacha. Chungu sikukigusa."

"Naamini. Sasa nisaidie. Ukikuta mtungi mahali, umefudikizwa, mdomo chini. Kwenu Makunduchi maana yake nini?"

Latifa alimtazama kwa mshangao, kana kwamba ameulizwa jua hutokea wapi. "Umeshaoshwa, umekauka. Unangoja kufukizwa."

"Kufukizwa nini?"

"Ubani, dada. Mtungi haujazwi maji hivi hivi. Unaupindua juu ya chetezo cha makaa, moshi uingie ndani, ndipo utie maji. Yakinywewa yananukia. Kwetu harusini, maji yasiyofukizwa ni aibu. Huku nako Waarabu wanapenda hivyo hivyo, ndiyo maana Bi Rukia huitwa kila harusi."

Nasimiyu alisimama. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Bi Rukia alifuata mitungi sita stoo, akakuta mitano. Akatoka kutafuta. Hatua nne kutoka hapo, mlango uko wazi, na juu ya meza, kati ya vyungu vilivyosimama, uko mtungi mmoja mzuri umefudikizwa. Mtu gani wa pwani angewaza kitu kingine? Angesema tu kwamba kuna aliyeusogeza ukauke.

"Na baada ya kufukizwa?" aliuliza, ingawa alijua jibu.

"Unajazwa maji, mpaka shingoni."

Bi Emily, aliyekuwa amesimama mlangoni na Henry, alipotafsiriwa, ndipo uso wake ulipobadilika kwa mara ya kwanza siku ile. "Maji hapana," alisema. "Hatukutia ndani chochote cha kuzuia maji. Kile ni cha kutazamwa. Udongo utayanywa, rangi itapauka, na ngozi yake ya nje itavimba na kubanduka. Saa moja inatosha."

"Na kikiharibika," alisema Henry, "aliyeacha mlango ni huyu. Saa nane ni saa nane, Madam Nasimiyu."

Ilikuwa saa sita na dakika hamsini. Simu ya Bi Rukia iliita, ikaita, ikanyamaza. "Haitapokelewa," alisema Latifa. "Shughuli za wanawake za hapa, simu zote huachwa mlangoni, kwa ajili ya kamera."

Joram aliendesha. Nani mwingine? Gari lilikuwa limeoshwa mara mbili, na bado walifungua vioo vyote vinne. Philipo alikaa mbele, Nasimiyu na Bi Emily nyuma, na mpaka wanaingia Al Thumama ndege tatu zilikuwa zimewapita juu zikishuka uwanjani. Joram aliomba msamaha katika kila mzunguko wa barabara, mpaka Bi Emily akamwambia kwamba kondoo hawajawahi kumkosea yeyote.

Hema lilikuwa kubwa, jeupe, limewambwa ndani ya ua wa nyumba. Mlangoni alikaa mama wa Kiqatari mwenye kikapu kilichojaa simu. Alimtazama Philipo mara moja tu, na Philipo akarudi nyuma hatua sita bila kuambiwa.

"Wanaume hapa ndio mwisho, Afande," alisema.

"Shika simu zetu. Henry akipiga, mwongeleshe."

"Nimwongeleshe nini?"

"Mpira. Hali ya hewa. Mwombe likizo."

Ndani kulikuwa na mazulia mekundu, mito, na harufu ya udi iliyoweza kukatwa kwa kisu. Wasichana walikuwa wanapanga sinia za tende. Kwenye kona, juu ya viti vya mbao, mitungi mitano ilikuwa imesimama, imejaa, inatoa jasho, kila mmoja na kata yake ya kuchotea maji. Mbele ya kiti cha sita Bi Rukia alikuwa amepiga magoti, kanga imefungwa kiunoni, ndoo ya maji ubavuni, na kata mkononi.

"Bi Rukia, usimimine!"

Bi Rukia aligeuka polepole, kama mtu ambaye hajawahi kukimbizwa na jambo lolote. "Hee! Nasimiyu? Umeacha kazi ya kuvizia watu umekuja kupakwa hina?"

"Mtungi wa sita uko wapi?"

"Huo hapo, mwanangu, na usiniulize habari zake, maana umenitoa jasho."

Mbele yake, juu ya chetezo kilichotoa moshi, chungu cha Bi Emily kilikuwa kimefudikizwa. Tumbo lake la njano liling'aa. Ndege wake weusi walikuwa wazima, mabawa yao yote yapo.

"Umetia maji?"

"Nitie maji wapi? Mtungi mzuri, mwepesi, kazi ya mikono ya mtu hasa. Lakini unanuka kondoo! Nimeufukiza ubani mara moja: kondoo. Nikatia udi: kondoo. Mara ya tatu nikachanganya na marashi: kondoo kavaa marashi. Hii ni ya nne. Mie miaka thelathini nafukiza mitungi, sijapata kutilia watu maji ya harusi yanayonuka zizi, na sitaanzia leo."

Nasimiyu alimtafsiria Bi Emily neno kwa neno. Bi Emily aliketi chini palepale zuliani, akacheka kwa machozi, akamshika Bi Rukia mkono wenye kata.

"Mwambie ana pua," alisema. "Kilipikwa kwa samadi siku nzima. Mwambie mtu mwingine yeyote angekijaza maji tangu asubuhi. Amekiokoa yeye."

Alipoambiwa hicho ni kitu gani, na nani alikifinyanga, na kwamba kuna msichana anatafutiwa polisi kwa ajili yake, Bi Rukia alishika kichwa. "Masikini Latifa! Na mie ndiye niliyekibeba! Nilikikuta kimefudikizwa, mlango wazi, kidole changu mwenyewe kikahesabu: wa sita huu. Mwambie mama wa watu anisamehe."

Bi Emily alikiinua chungu kwa mikono miwili, akakigonga kwa kifundo. Kilitoa mlio mwembamba, safi. Akaingiza pua kwenye mdomo wa chungu, akanusa.

"Sasa kina kondoo na harusi," alisema. "Mama alisema daima kwamba chungu kisichotumika ni udongo uliojisahau. Kikae hapa mpaka kesho. Bila maji. Watie tende."

"Nahitaji hilo kwa maandishi," alisema Nasimiyu, na akatoa karatasi. Alikuwa nayo, bila shaka. "Saini hapa: mwenye mali amekiazima kwa hiari yake kwa shughuli ya Al Thumama, leo, saa saba na dakika thelathini na tano. Mimi siandiki uongo. Kuanzia sasa kimeazimwa."

Nje ya ua, Philipo alikuwa anamweleza mtu simuni kwamba Mbeya mvua ya Februari si mchezo. Alimkabidhi Nasimiyu simu kwa mikono miwili.

"Madam," sauti ya Henry ilikatikakatika kwa hasira. "Kimepatikana au hakijapatikana?"

"Kimepatikana, kizima. Mwenyewe amekiazima kwa bibi harusi. Saini ninayo. Hakuna wizi, hakuna polisi."

"Na mlango? Huo hauazimwi. Mlango uliachwa wazi, na hilo lazima liingie kwenye ripoti."

"Litaingia. Nimeshaliandika, sikiliza nikusomee. *Mlango uliachwa wazi dakika kumi na moja. Aliyeuacha alikuwa anaswali alfajiri, kwa sababu ratiba ya zamu haina nafasi ya sala. Kamera ya ukumbi haikuona kitu, kwa sababu ilizibwa na bango.* Sasa nimebakiza mstari mmoja, wa nani alipanga ratiba na nani aliamuru bango. Jina lako naliandika kirefu au kwa kifupi?"

Upande wa pili ilisikika feni ya ofisi, kisha kalamu ikiwekwa mezani.

"Ripoti ndefu haisomwi na mtu," alisema Henry hatimaye. "Andika chungu kimeazimwa. Inatosha."

"Nilidhani hivyo. Yuko hapo Latifa? Mpe simu."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi. "Dada?"

"Chungu kipo, Latifa. Hukuiba na hakuna anayesema uliiba. Hakuna ndege ya kukurudisha nyumbani leo."

Latifa alilia, lakini kilio cha namna nyingine, chenye kicheko ndani yake, na Nasimiyu alikiacha kimalizike. Philipo, aliyeweka sikio karibu, alijifanya anakagua kamba za hema.

"Dada," alisema Latifa alipopata sauti. "Basi kesho naingia kazini saa ngapi?"

Kabla Nasimiyu hajajibu, ilisikika kwa mbali sauti ya Henry, nzito, ya mtu anayeandika huku anaongea.

"Mwambie saa kumi na moja na robo. Akishaswali."